Ridhaa, na kile kitufe cha "Nakubali"

Wapenzi wa ndondi wamelizoea neno hili kuliko wengi wetu. Kuna ngumi za kulipwa na kuna ngumi za ridhaa. Bondia wa ridhaa hapandi ulingoni kufuata kitita. Anapanda kwa kuwa mwenyewe ametaka. Neno lenyewe lina ukoo mpana: radhi, kuridhia, kuridhika, kuridhisha. Mtoto anayeomba radhi za wazazi wake kabla ya safari haendi kutafuta saini kwenye karatasi. Anataka wamwachie kwa moyo usio na kinyongo.

Hapo ndipo ridhaa inapoachana na idhini. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, naye anaweza kuitoa huku amenuna. Kukubali nako kuna namna zake nyingi, ikiwemo ile ya shingo upande. Tatizo la simu zetu ni kwamba kitufe kinasema "Nakubali", mtu anakibonyeza, halafu kwenye kumbukumbu za kampuni panaandikwa kwamba ridhaa imepatikana. Sehemu kubwa ya mabishano ya kimaadili kuhusu akili mnemba (wengine huiita akili unde) na teknolojia ya kidijitali imejificha katika mruko huo mdogo, kutoka neno moja hadi jingine. Mashine hizi hufunzwa kwa picha, sauti na maandishi ya watu. Kwa hiyo lazima mtu aulize: hao watu waliridhia nini hasa?

Kisheria maana yake imenyooka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya hiari, iwe mahususi, itolewe na mtu aliyeelezwa na kuelewa, na idhihirike kwa kauli au tendo lisilo na utata. Inaongeza mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba uliridhia ni yule anayetumia taarifa zako, wala si wewe kuthibitisha kwamba ulikataa. La pili, unaweza kuiondoa ridhaa yako wakati wowote. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Zote mbili zina harufu ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018.

Dhana yenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Ilitoka hospitalini. Baada ya madaktari wa Kinazi kuhukumiwa Nuremberg, mwaka 1947 majaji waliandika kanuni za majaribio ya kitabibu, na ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni lazima. Miaka minne tu baadaye, huko Baltimore, Marekani, madaktari walichukua chembe za uvimbe wa mama mmoja Mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwuliza. Alifariki mwaka huohuo wa 1951. Chembe zake hazikufa. Zimezalishwa maabara duniani kote hadi leo, na kuna waliotajirika kwazo. Familia yake ilifikia suluhu na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara mwaka 2023. Ukiitazama vizuri, ni hadithi ya data: kitu kidogo kilichotoka kwa mtu, kikanakiliwa bila kikomo, kikawa mali ya wengine.

Sasa twende Nairobi, Agosti 2023. Nje ya jumba la mikutano la KICC kulikuwa na misururu mirefu ya vijana. Mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni mmoja wa waasisi wake, ulikuwa ukipiga picha za mboni za macho kwa kifaa cha mviringo kama mpira. Hoja yao ilikuwa kwamba akili mnemba ikishazagaa mtandaoni itakuwa vigumu kujua nani ni binadamu na nani ni mashine, hivyo kila binadamu apate kitambulisho chake cha kidijitali. Aliyekubali kupigwa picha alipewa tokeni 25 za sarafu yao, ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya shilingi za Kenya zipatazo 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Kufikia hapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshajiandikisha.

Je, hawakuridhia? Hakuna aliyeburutwa. Walifika kwa miguu yao, wengine alfajiri, wakasimama juani. Nimewasikia watu wakilimaliza suala hili kwa sentensi moja: mtu mzima na jicho lake, mwache. Siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu kuna dharau fulani katika kumwambia maskini kwamba ndiyo yake haihesabiki. Lakini tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la kiraia la Katiba Institute, iliiona vingine. Ilizuia kuchakatwa kwa taarifa zilizopatikana kwa ridhaa iliyovutwa kwa chambo cha sarafu, tena bila kufanyika kwanza tathmini ya athari ambayo sheria inaitaka, na ikaamuru taarifa hizo zifutwe kabisa ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Turudi ulingoni. Bondia akilipwa, haendi jela wala hadharauliwi. Anahama tu daraja, anaitwa wa kulipwa, na huko kuna mikataba na wasimamizi wa kumlinda. Ubaya ni kumlipa na bado kuandika kwamba alipigana kwa ridhaa. Anayehitaji unga wa jioni hiyo na anayetaka kununua mboni hawasimami kwenye mzani uliosawazishwa. Na mboni si nywila: ikivuja, huna jicho jingine la kubadilishia.

Sharti la kuelewa nalo lina vituko vyake. Kila msikilizaji wa redio Tanzania anaijua ile sauti ya haraka mwishoni mwa tangazo, "vigezo na masharti kuzingatiwa", ambayo kwa kweli humaanisha usisumbuke kuvisoma. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walipiga hesabu ya muda ambao mtumiaji wa kawaida angehitaji kusoma sera za faragha za kila tovuti anayoitembelea. Walipata zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa kabla simu janja hazijatapakaa, na ni kwa msomaji wa Kiingereza anayesoma Kiingereza. Mpe sera hiyohiyo mama anayeuza vitumbua Tandika, anayefahamu vyema Kiswahili cha biashara yake na hajawahi kukihitaji Kiingereza cha mawakili. Kitufe kitabonyezwa ndani ya sekunde mbili. Kilichobonyezwa ni mlango wa kuingilia, basi.

Mimi somo la ridhaa nililipata kupitia deni la mtu mwingine. Siku moja uliingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua, ukinitaarifu kwamba jamaa fulani, shemeji yangu wa mbali, amekopa na hataki kulipa, na kwamba mimi ni mdhamini wake, hivyo nimfikishie habari kabla hawajachukua hatua. Sikuwahi kumdhamini mtu. Nilipompigia, aliona aibu hata ya kuongea. Alikuwa amepakua programu ya mikopo ya simu, zile ambazo mtaani tunaziita kausha damu, ikaomba kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, naye akabonyeza kwa kuwa ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Bosi wake alipata ujumbe uleule. Na mchungaji wake.

Tuseme yeye aliridhia, ingawa kwa shingo iliyopinda kabisa. Mimi niliulizwa lini? Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake kwa sababu ya msiba mmoja miaka mingi iliyopita. Fikra ya ridhaa imejengwa juu ya mtu mmoja mbele ya mtu mmoja, daktari na mgonjwa, lakini taarifa zetu zimesukwa pamoja kama mkeka: huwezi kuvuta ukili mmoja bila mwingine kusogea. Picha ya harusi ina nyuso za watu mia. Kundi la WhatsApp la ukoo lina siri za ukoo mzima. Mwenye simu hana uwezo wa kuridhia kwa niaba ya hao wote, na hakuna kitufe kinachomkumbusha hilo.

Wasimamizi wameanza kuamka. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data wa Kenya ilizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo: mkopeshaji wa mtandaoni, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za simu zilizopatikana kwa watu wengine, kama ilivyokuwa kwangu, klabu ya starehe, shilingi 1,850,000, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha, na shule, shilingi 4,550,000, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Faini kubwa kuliko zote ilikwenda kwa shule, na nadhani ilistahili, kwa kuwa mtoto hana hata hiyo nafasi ya kubonyeza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Halafu kuna ridhaa ya kimya. Katika ndoa za Kiislamu huku Pwani, kimya cha mwari huchukuliwa kuwa ameridhia, na wasiojua hudhani hiyo ni njia ya kumkwepa. Lakini angalia utaratibu wake: kwanza anaulizwa. Anatajiwa mume na mahari, aliyetumwa anamsubiri, na mlango wa kusema hapana uko wazi kabla kimya hakijapewa maana. Kampuni za teknolojia zimechukua kimya, zikaacha swali. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ilipotaka kutumia machapisho ya wazi ya watu kufunzia akili mnemba yake, Wazungu wa Umoja wa Ulaya walipewa fomu ya kupinga; Juni 2024 mpango ukasitishwa huko kwa ombi la msimamizi wa data wa Ireland, kisha ukaanza Mei 2025, fomu ya kupinga ikiwa palepale. Asiyejaza amekubali. Angalau wao walipata fomu.

Nisieleweke vibaya: si kila matumizi ya taarifa zako yanahitaji ridhaa, na sheria hazisemi hivyo. Mwajiri anahitaji namba yako ya benki ili akulipe. Watanzania walipotakiwa kusajili laini zao kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, ile haikuwa ridhaa na hapakuwa na haja ya kuiita hivyo. Ilikuwa amri ya dola, nayo hupimwa kwa vipimo vya amri: ina msingi gani wa kisheria, inahitajika kiasi gani, nani anailinda kanzidata. Kumpa mtu fomu ya ridhaa mahali ambapo hawezi kukataa ni kumfanya atie saini kwenye kitu ambacho hakukiamua. Mimi hutumia kipimo kimoja tu: nikisema hapana, nitakosa nini? Nikikosa huduma ambayo haina uhusiano wowote na taarifa ninayoombwa, kama tochi ya simu inayodai kujua nilipo, basi hapo hakuna ridhaa.

Limebaki la kuondoa ridhaa, na hapa akili mnemba imeleta ugumu mpya kabisa. Jina kwenye orodha hufutika. Picha kwenye seva hufutika. Lakini picha iliyokwisha kutumika kuifunza mashine kutambua nyuso haimo tena humo kama picha. Imeyeyuka ndani ya mamilioni ya namba, kama chumvi kwenye mchuzi. Mtu akisema nirudishieni chumvi yangu, mpishi hana pa kuishika.

Marekani walikutana na swali hilo katika shauri la Everalbum, kampuni iliyokuwa na programu ya kuhifadhia picha, ambayo ilitumia picha za wateja kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso na ikabaki na picha za watu waliokwisha kufunga akaunti zao. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho haikuishia kuiamuru kampuni ifute picha. Iliiamuru ifute na mifumo yenyewe iliyofunzwa kwa picha hizo. Kwa lugha ya jikoni, sufuria nzima ilimwagwa.