Kiraka cha upara si lazima kiwe mapunye
Wengi huamini kwamba nywele zikinyonyoka na kuacha kiraka cha mviringo, ni mapunye, yaani ugonjwa wa fangasi wa kichwani, yaliyotoka kwenye kitana cha mtu mwingine. Huenda ikawa hivyo. Lakini pengine ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele, na hali hiyo, iitwayo alopecia areata, haiambukizi kabisa.

Tazama kwenye mwanga mzuri. Mapunye kwa kawaida huwa na magamba na huwasha. Ugonjwa huu wa kinga huacha ngozi laini, na ukingoni huonekana vijinywele vifupi, vyembamba chini, vinene juu. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo vidogo. Hapo dawa ya fangasi haisaidii. Daktari wa ngozi huweza kudunga steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kwenye kiraka kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mizizi haijafa: nywele huweza kuota tena, pengine zikianza nyeupe.