Kizuri chajiuza? Si ofisini

Dhana: Fanya kazi yako kimya kimya, kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Methali hii ndiyo iliyonichelewesha. Nikiwa mdogo kazini, katika kitengo cha uhasibu, siku tatu mfululizo nilitoka ofisini usiku kwa kulinganisha vocha na taarifa za benki ili taarifa ya robo mwaka iwahi kikao. Mwenzangu alisaidia kuichapa na kuibana. Kikaoni akasimama yeye: "Mkuu, taarifa iko tayari, nimehakikisha kila kitu kimekaa sawa." Mkuu akamshukuru mbele ya wote. Nilinyamaza nikiamini ukweli utajitokeza wenyewe. Haukujitokeza, na uchungu wake ninao mpaka leo.

Ukweli ni kwamba methali ile ni ya sokoni. Mnunuzi wa embe hulishika, hulibonyeza, hulinusa. Mkuu wa idara habonyezi chochote. Kazi nyingi ya ofisini haionekani, na ikifanywa vizuri ndiyo haionekani kabisa: kosa lililozuiwa halimfikii mtu mezani. Mwenye watu kumi na watano chini yake anajua kile anachoambiwa.

Utumishi wa umma Tanzania uliujua ubaya wa kupimana gizani. Mtumishi alikuwa akitathminiwa kwa taarifa ya siri ya mkuu wake, hadi mwaka 2004 ulipoletwa OPRAS, mfumo wa tathmini ya wazi, ambapo wawili hao walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapitia pamoja baadaye. Sasa nafasi hiyo imeshikwa na PEPMIS, mfumo wa tathmini unaojazwa kwenye kompyuta. Lakini wangapi huujaza dakika za mwisho, kwa sentensi moja ya "nimetekeleza majukumu yangu"? Kwa sentensi hiyo unamwachia mwenye maneno uwanja mzima. Andika: "Nimelinganisha akaunti nne za miezi mitatu, nimebaini malipo mawili yaliyofanyika mara mbili." Huko si kujikweza. Kujikweza ni kusema idara ingekufa bila wewe.

Dhana: Anayejipigia debe anajua fika kwamba anadanganya.

Wapo wanaojua, hasa wale chawa wanaoishi mlangoni kwa bosi. Ila wengi wanaamini wanachosema. Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly wa Canada walichapisha utafiti ambamo wanandoa waliulizwa, kila mmoja kivyake, amechangia kiasi gani katika kazi za nyumbani. Kwa kazi nyingi, michango ya mume na mke ikijumlishwa ilizidi kazi yenyewe. Sababu kubwa ni kumbukumbu: jasho lako unalikumbuka, la mwenzako hukuliona likitoka. Tangu nilipoelewa hilo nimeacha kumwita mtu mwizi papo hapo. Humfuata pembeni: "Ndugu yangu, ile sehemu ya benki niliifanya mimi, kikao kijacho naomba niieleze mwenyewe." Mara nyingi hukubali, tena kwa aibu. Asipokubali, hapo nimemjua.

Dhana: Ukipikiwa majungu kwa bosi, kibarua kimeota nyasi.

Hofu hii inawafunga watu midomo kuliko majungu yenyewe. Katika sekta binafsi Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kuwa na sababu halali ya kukuachisha kazi na kuwa amefuata utaratibu wa haki. Maneno ya koridoni si uthibitisho. Aliyeachishwa kwa uonevu hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa hiyo usizimalize kwa kulia. Mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kinga hii haimhusu.

Dhana: Dawa ni kujitenga nao wote.

Nilijaribu. Nilikula peke yangu, sikukaa na mtu, na habari za kazi zikawa zinanifikia mwisho. Siku hizi nakula na wenzangu. Mazungumzo yakigeuka kumsema asiyekuwepo, nanawa mikono na kuondoka. Na kila kikao kikiisha, kabla ya saa kumi, natuma barua pepe fupi kwa waliohudhuria wote: nani amefanya nini, nani atafanya nini, lini. Jina la mwenzangu naliweka la kwanza pale alipostahili.