Leva ya gia ikae pale mkono ulipo

Kijana mmoja aliniletea baiskeli ya mashindano, mtumba, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Leva za gia zilikuwa chini, kwenye bomba la fremu. Barabara ikiwa tambarare huo ni mpangilio mzuri: waya mfupi, vitu vya kuharibika vichache. Lakini yeye hupanda mlima kutoka Uyole, Mbeya, anapita Igawilo hadi Isyonje. Kila akitaka gia nyepesi lazima aachie usukani, ainame, apapase, na nyuma yake lori la viazi linapiga honi huku mwendo wake umeshakufa na baiskeli inayumba.

Ndiyo maana kabla sijashika spana humwuliza mteja: mlima unapoanza, mikono yako huwa wapi? Leva iende hapo.

Alitaka zile leva za kubonyeza kwa kidole gumba. Hazikai. Usukani ulionyooka una unene wa milimita 22.2 pale pa kushikia. Huu wa pembe una 23.8. Ukilazimisha, klampu inapasuka. Zipo leva za breki zenye gia humohumo, Shimano walizitoa mwaka 1990, na kwa usukani wa pembe sijaona kilicho bora zaidi. Ila ni ghali, na lazima zilingane na idadi ya sproketi za nyuma, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo. Tukakubaliana leva za nchani: zinaingia ndani ya tundu la usukani, kiganja hakiachii kitu.

Hapo waya unakuwa mrefu, na kava lake lina maana kubwa. Kava la breki limesukwa kama springi, hujibana ukivuta, kwa hiyo gia haitulii. La gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, halijibani. Naomba sana, usilifunge hilo la gia kwenye breki: ukikamata kwa nguvu linaweza kupasuka, na uko mteremkoni.

Wanaobeba mikungu ya ndizi na magunia nawafungia tofauti: usukani ulionyooka, mpana, na leva ya juu isiyo na hatua za kulia "tiki". Waya ukiingia matope, unaisogeza mwenyewe mpaka gia ikae. Zile za kuzungusha kama mafuta ya pikipiki siwafungii. Asubuhi ya Juni mkono uliolowa unateleza.

Tena breki. Sisi tunaendesha kushoto. Ukikata kulia, mkono wa kulia unatoa ishara, basi wa kushoto ubaki na breki ya nyuma. Mitumba mingi ya Ulaya bara imefungwa kinyume, kushoto ni ya mbele. Ukiikamata peke yake kwa nguvu kwenye mteremko, tairi la nyuma linanyanyuka. Na kwa kuwa gia za nyuma ziko mkono huohuo wa kulia, badilisha gia kwanza, ndipo unyooshe mkono.

Baiskeli ya yule kijana niliigeuza usukani hadi mwisho, kushoto kisha kulia. Upande mmoja kava likakaza, gia ikaruka yenyewe. Nikakata kava jingine, refu kwa vidole viwili zaidi, nikageuza tena. Ikatulia.