Choo cha watoto na wageni katika nyumba ya mawe ya Lamu: yasemwayo na yaliyo kweli

Maulidi yakikaribia na jamaa wa Mombasa na Unguja wakianza kupiga simu, nyumba nyingi za Mji wa Kale hukumbuka choo. Watoto wamekipaka sabuni na mchanga mwaka mzima, lipu inamwagika, na mgeni atakitumia hichohicho. Hapo fundi huitwa, na pamoja naye huja maneno mengi ambayo kila mtu huyaamini.

La kwanza, na ndilo lenye hasara kubwa: "Bandika taili kuanzia chini hadi darini, unyevu utakwisha." Hautakwisha, utahama. Kuta zetu ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwa kila kata inayomwagwa, kisha huyatoa polepole kupitia uso wa ukuta. Maji hayo hubeba chumvi. Ukiuziba uso kwa simiti na taili, au kwa rangi ya mafuta, maji hupanda yakitafuta upenyo, na hutokea juu ya taili au upande wa pili, kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Yakikauka pale, chumvi huganda ndani ya lipu, huvimba na kuisukuma mpaka inadondoka kama unga. Ndiyo maana choo kilichotengenezwa juzi kwa pesa nyingi huonekana kimechakaa kuliko cha bibi.

Taili ziwekwe panaporuka maji tu, yaani ukuta wa kuogea na sakafu. Kwingine piga lipu ya chokaa, kisha paka chokaa. Itabidi kurudia kupaka mara kwa mara, ni kweli, lakini ndoo ya chokaa haifilisi mtu. Tena ukali wa chokaa haupendwi na ukungu, jambo lenye faida katika chumba ambacho watoto hukiacha kimelowa kutwa.

Wapo pia wanaosema taili haipitishi maji. Taili yenyewe sawa, viungo vyake sivyo. Kama choo kiko ghorofani, chini ya sakafu kuna boriti za mikoko, na ncha zake zimezikwa ukutani ambako huzioni. Maji yanayopenya kidogo kidogo huziozesha kimya kimya. Kwa hiyo kabla ya taili iwekwe tabaka la kuzuia maji, lipande na ukutani kidogo, halafu lijaribiwe: ziba tundu la maji, mimina maji ya kina cha vidole viwili, yaache usiku na mchana, kisha shuka chini uangalie dari. Fundi atakayekuambia jaribio hilo ni kupoteza muda, mlipe siku yake aende zake. Sakafu nayo ishuke kuelekea kwenye tundu, sentimita 2 kwa kila mita. Na mchanga wa ufukweni usitumike hata ukitolewa bure: chumvi yake hula nondo, na zege hupasuka kutoka ndani.

"Taili ya kung'aa ni rahisi kusafisha." Ni rahisi pia kumvunja mtu nyonga. Mtoto anayekimbia na miguu yenye povu, na nyanya aliyekuja Maulidi asiyeujua mlango wala kidato chake, wote wanahitaji taili ya kukwaruza. Ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa sababu viungo vingi husaidia mguu kushika.

Birika, yaani tangi la maji lililojengwa chooni, nalo husingiziwa: eti ni la kizamani, linazaa mbu, livunjwe iwekwe shawa. Mbu huzaa katika maji yoyote yaliyotuama, hata pipa jipya la plastiki, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja au kidogo zaidi. Wazee waliliona hilo, wakaweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi, na bakuli la kaure sakafuni mwake ili samaki wasikose maji yanapopungua. Shawa kwa upande wake haitoi maji kwa kuwa imenunuliwa ghali. Presha ya kawaida hutaka tangi liwe mita 10 juu ya kichwa cha shawa. La kwetu liko darini, mita mbili au tatu, basi ile shawa pana kama sinia itadondosha matone tu. Umeme ukikatika pampu ikazima, mgeni mwenye sabuni machoni atalitafuta hilohilo birika. Weka vyote viwili. Ila birika liwe na kifuniko kizito: mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache sana, na hiyo si hofu ya kutishana.

"Choo cha watoto kiwe na katuni." Katuni watazichoka. Wanachohitaji ni kimo: msumari wa taulo usawa wa kifua chao, kigoda cha kupandia kwenye sinki, shatafu wanayoifikia bila kuning'inia. Misumari iwe ya shaba au plastiki, kwani chuma cha kawaida katika hewa hii hutoa kutu mapema na kuchora mistari ukutani. Mgeni anataka mlango unaofungwa, mzazi anaogopa mtoto kujifungia. Kitasa kinachofunguka kwa nje kwa sarafu huwatosha wote wawili.

Fundi aliyetoka mbali hukigeuza choo cha kukaa kufuata bomba lilipo. Mwonyeshe kibla mapema. Kutoka Lamu, Makka iko kaskazini, ikielemea magharibi kidogo tu, basi choo kitazame mashariki au magharibi, asione haya mgeni wala mwenyeji. Kukihamisha baada ya taili ni kubomoa upya.

Wengine hudhani Mji wa Kale ukiwa urithi wa dunia tangu 2001, hakuna ruhusa ya kugusa kitu. Choo kinatengenezwa. Kinachokatazwa ni kubomoa ukuta au kutoboa dirisha kwa siri. Nenda kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa ukaulize.

Kuhusu usafi, kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi hakufanyi choo kiwe safi maradufu. Hutoa gesi ya klorini, na katika chumba chenye kidirisha kimoja hiyo ni hatari kwa pafu la mtoto. Asidi peke yake pia hula chokaa, na Jik ikiingia birikani samaki wamekwisha.

Beseni la kulala ukaoga, lile la hotelini, huulizwa sana. Likijaa hubeba lita 150 au zaidi, yaani kilo 150 juu ya boriti, bado mwogaji. Kulivusha kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa mashua na kulipitisha katika vichochoro ni kazi ya wapagazi wanne na ugomvi wa majirani. Watoto wapewe karai.