Nyuki wa Tanga hawakutumwa na mtu

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishindwa kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani kwa sababu waganga, au Wajerumani wenyewe, waliwatuma nyuki.

Nyuki walikuwepo kweli, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Mizinga ilitundikwa mitini, risasi zikawachokoza, wakauma yeyote aliyekuwa karibu. Soma kumbukumbu za upande wa Wajerumani: nao waliumwa. Nyuki gani wa kutumwa huyo?

Tazama tarehe badala yake. Meli za Waingereza zilifika tarehe 2, lakini manowari yao ilitangulia kuutaarifu mji kwamba mapatano ya kutoushambulia yamekwisha (ustaarabu huo uliwagharimu), na shambulio kubwa likaja tarehe 4. Hapo katikati, treni ilishusha askari wa Wajerumani kutoka upande wa Moshi. Kwa jumla Wajerumani walikuwa na kama 1,000, wengi wao Waafrika wa kulipwa mshahara, dhidi ya takriban 8,000 wa Waingereza. Ila walizoea kupigana vichakani, na bunduki zao za rasharasha zilikuwa zimekaa tayari. Wanajeshi wa Waingereza walikuwa wametoka safari ndefu ya baharini, bila upelelezi wa maana.

Ukiletewa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa hizo tarehe mbili.