Kombe la Gillette 1963: Msimu Uliozifundisha Kaunti Kuhesabu Mipira

Anza na kadi ya matokeo ya fainali ya kombe hili la kriketi la kaunti za Uingereza, iliyochezwa uwanja wa Lord's, London, tarehe 7 Septemba 1963. Sussex: mikimbio (alama) 168, wapigaji wote wametoka, ova (mafungu ya mipira sita) 60.2. Worcestershire: mikimbio 154, wote wametoka, ova 63.2. Sussex wakashinda kwa mikimbio 14.

Shabiki wa leo ataona mikimbio michache kwa ova nyingi na atapita. Mimi namwomba asipite. Kriketi ya siku moja tunayoijua ilikuwa inazaliwa mwaka ule, na kadi hiyo ina somo ambalo kaunti zenyewe zilichukua miaka kulielewa sawasawa.

Kwanza hesabu. Nukta katika 60.2 si ya desimali: ni ova 60 na mipira 2. Ova moja ni mipira 6, na kila timu ilikuwa na ova 65, yaani mipira 390. Sussex walitumia mipira 362, wakaacha 28 bila kuigusa kwa sababu wapigaji walikwisha. Kwa mwendo wao wa mikimbio 2.8 hivi kwa ova, mipira 28 ni mikimbio 13. Worcestershire nao waliacha mipira 10. Katika mchezo wa siku tatu, kutoka nje mapema hakuna gharama ya namna hiyo, maana muda bado upo na kuna zamu ya pili. Hapa kila mpira usiochezwa umepotea, haurudi.

Mashindano yenyewe yalizaliwa na njaa. Mwaka 1947 watazamaji zaidi ya milioni 2 walilipa kiingilio kutazama ligi ya kaunti, na miaka ya 1960 ilipoanza walikuwa wameshuka chini ya milioni. Mechi ilichukua siku tatu, nyingi ziliisha sare, na mfanyakazi hakuwa na siku tatu za kukaa uwanjani. Mwaka 1962 Mike Turner, katibu wa Leicestershire, alizikusanya kaunti nne za katikati ya Uingereza, yaani Leicestershire, Derbyshire, Northamptonshire na Nottinghamshire, zikacheza mtoano mdogo wa ova 65. Northamptonshire wakashinda. Mwaka uliofuata kaunti zote 17 za daraja la kwanza ziliingia, na kampuni ya nyembe ya Gillette ikatoa pauni 6,500 za udhamini. Ulikuwa pia msimu wa kwanza baada ya kufutwa kwa mpaka wa kale kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, uamuzi uliopitishwa mwishoni mwa 1962. Kwa hiyo mambo mawili makubwa yalibadilika kwa pamoja, na ni kosa kusimulia moja na kulisahau la pili.

Timu 17 haziingii kwenye mtoano bila kubaki moja, kwa hiyo mbili zilicheza mechi ya awali: Lancashire na Leicestershire, uwanja wa Old Trafford, kuanzia tarehe 1 Mei. Mvua iliingilia na mchezo wa siku moja ukamalizika siku ya pili. Lancashire walipata 304 kwa wiketi 9, yaani wapigaji 9 wakiwa wametolewa, Peter Marner akipiga 121, mia (mikimbio 100 au zaidi) ya kwanza ya mashindano haya. Leicestershire walitoka wote kwa 203, ingawa Maurice Hallam alipata 106 peke yake. Brian Statham, mrushaji wa Lancashire, aliangusha wiketi 5 kwa mikimbio 28, yaani alitoa wapigaji 5 na kuruhusu mikimbio 28 tu. Marner akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi, jambo jipya kabisa kwenye kaunti.

Sasa kanuni, maana ndizo zilizoamua kila kitu. Mrushaji mmoja hakuruhusiwa kuzidi ova 15. Gawanya 65 kwa 15: warushaji wanne wanakupa ova 60, na zinabaki 5. Kwa hiyo nahodha alihitaji mrushaji wa tano, ila wa ova 5 tu, na mpigaji yeyote mwenye mkono wa kurusha aliweza kumsaidia. Mwaka 1964 ova zilipunguzwa zikawa 60 na kikomo kikawa 13: wanne wanatoa 52, wa tano anabakiwa na 8. Mwaka 1966 kikomo kikashuka hadi 12, na 12 mara tano ni 60 kamili. Hapo mrushaji wa tano akawa na mzigo sawa na wenzake, na kumficha ikawa haiwezekani tena. Ukisikia watu wanalalamika kwamba timu yao haina mrushaji wa tano, chanzo cha lalamiko ni hesabu hii.

Kanuni nyingine ni ile ambayo haikuwepo. Leo kuna duara la ndani, na nahodha analazimishwa kubakiza idadi fulani ya walindaji, yaani wachezaji wa kuzuia na kudaka mpira, ndani yake. Mwaka 1963 hapakuwa na duara. Ungeweza kuwapeleka wote tisa mpakani, ukabaki na mrushaji na mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya nguzo) tu, na mwamuzi asiseme neno.

Wa kwanza kuona maana ya hilo alikuwa Ted Dexter, nahodha wa Sussex. Katika kriketi ya siku tatu manahodha walipanga walindaji wa kudaka: wawili au watatu kwenye slipu nyuma ya gongo, mwingine karibu na miguu ya mpigaji. Mantiki yake ni kwamba huwezi kushinda mechi bila kuwatoa wapigaji kumi mara mbili. Dexter alitambua kwamba mantiki hiyo imekufa. Katika ova 65 si lazima umtoe mtu yeyote. Unachohitaji ni mpinzani amalize ova zake akiwa nyuma yako, basi.

Akaupanga mchezo hivi. Mpira ukishapoteza upya wake, slipu wanaondolewa. Walindaji wanasogezwa umbali wa kuzuia mkimbio mmoja wa haraka, na wachache wanarudi hadi kwenye kamba ya mpakani kuzuia mikimbio minne. Warushaji, wengi wao wa kasi ya wastani wanaotegemea mshono wa mpira kuugeuza unapodunda, wanalenga moja kwa moja nguzo tatu zilizo nyuma ya mpigaji na kuudundisha karibu na mpigaji. Mpira wa hivyo hauna nafasi ya kukatwa pembeni, na haupandi kiasi cha kuvutwa. Mpigaji anabaki na njia moja, kuusukuma mbele, na mbele ndiko walindaji waliko.

Mpango huu unavunjika kwa kosa moja, na hadi leo ndilo kosa la timu nyingi za klabu: mrushaji anayerusha pande zote mbili za nguzo. Huwezi kulinda upande wa kulia na wa kushoto kwa watu tisa. Ukimpangia walindaji sita upande mmoja naye akateleza mara mbili katika ova moja kwenda upande wa pili, zimekwenda nane, na hasara hiyo haitokani na mpango. Mpira mfupi ni kosa la pili, kwa sababu unampa mpigaji muda.

Kwenye raundi ya kwanza Kent walikutana na jambo hili huko Tunbridge Wells. Sussex walipata 314 kwa wiketi 7, Ken Suttle akiwa na 104. Kent walihitaji 315, karibu mikimbio 4.85 kwa ova, mwendo mzito mno kwa zama zile. Peter Richardson alipiga 127 na akawa mchezaji bora wa mechi. Walindaji walikuwa wamerudi nyuma, kwa hiyo mikimbio ya mojamoja ilipatikana kwa urahisi, na mojamoja hazifikishi 4.85. Kent wakaishia 242. Zaidi ya nusu ya mikimbio yao ilikuwa ya mtu mmoja, na bado walishindwa kwa 72. Hapo unaona wazi kwamba mia ya mpigaji inaweza kuwa sehemu ya mpango wa adui.

Robo fainali Sussex waliwatoa Yorkshire kwa tofauti ya mikimbio 22. Nusu fainali waliwapiga Northamptonshire kwa 105. Upande wa pili Worcestershire walifika kwa njia ya zamani, ya kuangusha wiketi: nusu fainali Lancashire walitoka wote kwa 59, Jack Flavell akichukua wiketi 6 kwa mikimbio 14, na Worcestershire wakashinda kwa wiketi 9, yaani wakiwa wamepoteza mpigaji mmoja tu. Kwa hiyo fainali ilikutanisha mawazo mawili, timu inayonyima mikimbio na timu inayotoa watu.

Ilipofika Septemba, hesabu ya Dexter ilionekana imekamilika. Warushaji wa mshono, walindaji wa nyuma, kikombe. Watu wengi walibeba funzo hilo kama lilivyo: mchezo wa siku moja ni wa watu wa kasi, na mrushaji wa spini, anayerusha polepole akiuzungusha mpira, ni anasa ya kubaki nyumbani. Lakini fainali yenyewe inakataa.

Pichi ya Lord's, ukanda ambao mpira hudundia, siku ile ilikuwa na unyevu. Sussex walianza vizuri, kisha Norman Gifford, kijana wa spini wa mkono wa kushoto, akawakata katikati: wiketi 4 kwa mikimbio 33. Jim Parks alipata 57, na bila yeye 168 isingefikiwa. Gifford alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi ingawa timu yake ilishindwa, na waliomchagua hawakukosea.

Worcestershire, chini ya nahodha Don Kenyon, walihitaji 169, yaani 2.6 kwa ova. Dexter, mtu wa mshono, akampa mpira Alan Oakman, mrushaji wa spini. Oakman alirusha ova 13 na kutoa mikimbio 17.

Simama hapo na ufanye hesabu ambayo kadi haikufanyii. Toa mikimbio 17 ya Oakman kwenye 154: inabaki 137. Toa ova zake 13 kwenye 63.2: zinabaki ova 50 na mipira 2. Gawanya, unapata karibu 2.72 kwa ova. Yaani dhidi ya warushaji wengine wote wa Sussex, Worcestershire walikuwa wanakwenda haraka kuliko walivyohitaji. Ova 13 kwa mwendo wa 2.6 zingeleta mikimbio 34. Oakman alitoa nusu yake. Aliokoa mikimbio 17, na mechi iliamuliwa kwa 14. Najua wiketi nazo zilianguka kwingine, na John Snow, kijana wa miaka 21, alichukua 3 kwa mikimbio 13 tu. Lakini wiketi hizo zilianguka kwa sababu wapigaji walikuwa wanafukuza kitu, na kitu hicho kilipotelea kwenye ova za Oakman.

Mwishoni Roy Booth, mlinda wiketi wa Worcestershire, alibaki na mpigaji wa mwisho. Giza lilikuwa linaingia, na Dexter akawasambaza walindaji wake wote hadi kwenye kamba. Booth alimaliza na 33 bila kutolewa, mwenzake akatoka, na mipira 10 ikabaki.

Kwa maoni yangu, alichogundua Dexter ni bei ya mpira. Kasi na mshono vilikuwa chombo alichokuwa nacho mkononi, na kaunti zikaiga chombo. Mwaka 1964 Sussex walirudi Lord's wakawafunga Warwickshire kwa wiketi 8, Ian Thomson wa mshono akiwa na 4 kwa 23 katika asubuhi yenye unyevunyevu, na imani ile ikazidi kukaa. Mrushaji wa spini akaanza kuhesabiwa mtu wa kupigwa.

Kombe la kwanza la Dunia la wanaume, lililochezwa Uingereza Juni 1975, lilitumia hesabu ileile: ova 60, mrushaji asizidi 12. Na kwenye mashindano hayo ilikuwemo timu ya Afrika Mashariki, wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakiongozwa na Harilal Shah. Kwenye mechi ya kwanza, New Zealand walipata 309 kwa wiketi 5, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki walicheza ova zote 60 wakafika 128 kwa wiketi 8. Tunaposema walishindwa vibaya, tukumbuke kwamba mipira yao 360 waliicheza yote mbele ya timu iliyozoea mchezo huu, na wengi wao walikuwa na kazi zao nyumbani.

Mechi mbili zilizofuata ndizo ninazoziweka kando ya kadi ya 1963. Tarehe 11 Juni, uwanja wa Headingley, mbele ya India, Afrika Mashariki walitoka kwa 120. Bishan Bedi, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto, alimaliza ova zake zote 12. Nane kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja, na jumla alitoa mikimbio 6 kwa wiketi 1. Siku tatu baadaye, uwanja wa Edgbaston, England walipata 290 kwa wiketi 5 na Afrika Mashariki wakaishia 94. Aliyewabana zaidi alirusha ova 12, sita bila mkimbio, akachukua wiketi 4 kwa mikimbio 11. Alikuwa John Snow, yule kijana wa Sussex wa 1963.