Kosa la kukompaili linalotokana na maktaba ya zamani

Kwa waandishi wa programu, maktaba ni mkusanyo wa fanksheni ambazo wengine wameshaziandika, nawe unaziita kwa majina yake. OpenSSL ni mojawapo: imebeba kazi za usimbaji fiche, ili usianze kuandika upya hesabu ngumu za usalama. Ila majina hayo hubadilika toleo kwa toleo, na hapo ndipo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, hugoma.

Chukua toleo la 1.1.0 la OpenSSL, lililotoka mwaka 2016. Lilileta jina EVP_MD_CTX_new mahali pa EVP_MD_CTX_create. Programu inayotumia jina jipya, ukiikompaili kwenye CentOS 7 (mfumo endeshi wa Linux) yenye OpenSSL 1.0.2, itakwama. Msimbo hauna kasoro. Mashine ndiyo iliyobaki nyuma. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoanza hukesha wakihariri mistari iliyo mizima kabisa.

Anza na lalamiko la kwanza, hata kama ni onyo tu. Kompaila husoma kwanza faili za .h, zinazotangaza majina, kisha huunganisha msimbo wako na maktaba yenyewe. Kompaila za C za miaka ya nyuma, kama GCC 4.8 ya CentOS 7, zikikuta fanksheni isiyotangazwa huendelea, zikitoa onyo tu, hasa ukiwasha maonyo kwa -Wall. Kosa kubwa huja mwishoni, wakati wa kuunganisha, kwa maneno "undefined reference", yaani jina limeitwa lakini halipatikani kwenye maktaba. Ukisoma mstari wa mwisho peke yake utapotea. Lakini ukiona kosa hilo la mwisho bila onyo lolote la awali, ingawa maonyo umeyawasha, shuku kwamba mashine ina matoleo mawili: faili za .h za jipya, maktaba ya zamani.

Kwa hiyo amri ya openssl version haitoshi, maana inataja toleo la programu unayoiendesha, ambalo huenda si lile kompaila inalolisoma. Jaribu pkg-config --modversion openssl, amri inayotaja toleo lililosajiliwa kwa ajili ya kukompaili, ulinganishe na toleo linalotakiwa na maelezo ya programu.

Tafadhali usiifute maktaba ya mfumo wala kuibandika mpya juu yake. SSH, zana ya kuingilia seva kutoka mbali, na zana nyingine zinaitegemea, na seva iliyo mbali ikikosa SSH, huna mlango wa kuingilia. Sakinisha toleo jipya pembeni, mathalani ndani ya /opt, kisha ionyeshe programu njia. Python 3.10, ambayo hutaka OpenSSL 1.1.1 au zaidi, ina chaguo la --with-openssl kwa kazi hiyo. Usipolitumia kwenye mashine ya zamani, ukompaili unaweza kufika mwisho vizuri, lakini moduli ya ssl, inayoshughulikia miunganisho salama, haitakuwemo, na pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, itashindwa kupakua chochote kutoka mtandaoni.

Kabla ya kukompaili tena, endesha make distclean, inayofuta mabaki ya ukompaili uliopita, ufuate na configure upya, inayokagua mashine, kwa sababu matokeo ya ukaguzi wa mwanzo yamehifadhiwa na bado yanaelekeza kwenye maktaba ya zamani.